Gasketi ya Daftari

Niliinunua mnadani Mpwapwa, siku ya mbuzi,
imelazwa ubavu kati ya majembe na ndoo za plastiki:
Yamaha iliyoingia nchini mimi sijajua kufunga vifungo vya shati.
Mzee Chilongani aliyeiuza hakuisifu.
Alisema tu, "Hii haijafa. Imenuna."

Mbeleje aliponiona naisukuma kuingia uani
akatua ndoo, akaizunguka mara moja, akaguna.
"Mahari yangu hujamaliza, na umeoa tena?"

Basi kila Jumapili, watu wakishatoka ibadani,
natandika gunia penye kivuli cha ukuta
namfungua bibi huyu, nati baada ya nati.
Kila inayotoka naipanga kwenye kifuniko cha sufuria,
kwa zamu yake, na jicho moja liko kwa kuku.
Tuna mtetea mwenye uchu wa vyuma.
Machi alimeza skrubu ya kabureta,
tukamngoja siku mbili.

Kufungua ni kusoma.
Hapa mtu alikaza shokapu kwa waya wa senyenge;
alikuwa na haraka huyu, labda alibeba mgonjwa.
Hapa mwingine alichonga kandambili ya bluu
ikawa mpira wa gia,
umelika upande wa ndani tu. Alikuwa na matege.
Na chini ya kifuniko cha pointi nikakuta
karatasi ya pakiti ya sigara, imekunjwa mara nne,
ina mwandiko wa penseli:
*kiasi hiki, usizidishe.*
Sijui ni nani. Niliipitisha katikati ya pointi, ikapita kwa kujibana.
Sikuzidisha.

Maji ya kutafutia pancha hatuna.
Ndoo ni shilingi mia tano, na Septemba hupanda.
Kwa hiyo najaza tyubu upepo, naipitisha shavuni
polepole, macho nimefumba,
mpaka nipate pale mwiba wa mgunga ulipopita:
panapumua kama mtoto aliyelala.
Hapo natia alama ya mkaa.
Chidosa, jirani, mwenye Boksa mpya ya mkopo,
hucheka akinikuta nabusu mpira.
Acheke. Ijumaa, wa marejesho wakipita,
Boksa hulala kwa shemeji yake.

Kiki nayo ina adabu zake.
Choki asubuhi, adhuhuri kamwe.
Mbili za taratibu, za kubisha hodi,
ya tatu kwa uzito wote wa mwili, ila bila hasira.
Ukiwa na hasira itarudi ikupige muundi.
Kovu ninalo.
Siku hiyo nilikuwa sisemeshani na Mbeleje.

Mwezi uliopita ikaanza kuvuja petroli.
Gasketi. Nikapanda basi hadi Dodoma mjini,
duka hadi duka: "Labda Dar." "Labda uagize."
Mmoja akaniuliza kama ninauza chuma chakavu.
Nikarudi na vumbi na nanasi.
Yaledi, wa darasa la nne, alisikiliza habari yote akitafuna,
akaingia ndani, akatoka na daftari lililojaa,
akang'oa jalada la nyuma bila kuulizwa.
Tukakata kwa wembe, tukapaka grisi, tukabana.
Kwenye ukingo limebaki nje kipande cha jedwali:
saba mara nane ni
na jibu limo ndani, linalowa.

Haivuji.
Atakayemfungua baada yangu atakuna kichwa,
atasema, hawa walikuwa na mtoto shuleni.

Leo nimefunga kila kitu. Nimepiga hodi mbili, ya tatu ikashika,
moshi wa buluu ukapita juu ya nguo za Mbeleje kambani,
naye akasema neno ambalo Jumapili halisemwi.
Inanguruma vizuri.
Ila kwenye kifuniko cha sufuria
imebaki nati moja, namba kumi,
na mtetea amesimama ananitazama.